Kesi Zinafia Njiani Kati ya Nakivale na Mbarara



Katika mkutano wa tawi uliopita hapa Mbarara, baada ya kumaliza habari ya ujira na ya viatu vya kazini, nilisimama nikaomba tujadili mfuko wa nauli kwa ajili ya wenzetu wanaokwenda mahakamani kwa sababu ya kupigwa nyumbani au kubakwa. Ndugu mmoja wa siku nyingi katika chama, mtu ninayemheshimu sana, akanyosha mkono akauliza: "Ndugu katibu, mambo ya chumbani mwa watu yanahusu nini chama cha wafanyakazi?" Wengine walicheka, wengine wakampigia makofi. Nilianza kujibu, lakini giza lilikuwa limeingia na wenzetu wa mbali walitaka kuwahi magari. Kwa hiyo namjibu hapa, na ninawajibu wote waliopiga makofi.

Sikumkasirikia ndugu yule. Zamani mimi nilikuwa na fikira hiyo hiyo, na aliyelipa gharama yake ni mtu mwingine.

Mwaka 2014 nilikuwa naandikisha wanachama mjini. Palikuwa na dada mmoja kutoka Kongo, mkazi wa Nakivale, aliyekuwa akiosha vyombo katika nyumba moja ya chakula. Siku za kazi alilala mjini, Jumamosi jioni akarudi kwa mume na watoto. Jumatatu moja alikuja kazini jicho limevimba na shingo ina alama za vidole. Kwa kuwa nilikuwa nikizungumza naye Kiswahili, alinivuta kando akanieleza. Mumewe alimnyang'anya mshahara wa mwezi, alipouliza akapigwa, na usiku akalazimishwa. Akasema: "Kaka, nifanye nini?"

Nilimjibu: "Dada, rudi nyumbani, waite wazee, myamalize." Nilijiona nimesema maneno ya hekima. Wazee walikaa, mume akaomba msamaha, kuku akachinjwa. Mwezi uliofuata alimvunja mkono.

Safari hii hakuniuliza tena. Alikwenda polisi peke yake, akaenda kituo cha afya peke yake, na kesi ikafunguliwa. Siku ya kwanza ya mahakama aliomba ruhusa, msimamizi akampa kwa kununa. Siku ya pili kesi iliahirishwa, akarudi mikono mitupu na ujira wa siku ile umekatwa. Siku ya tatu msimamizi alimwambia achague mahakama au sinia za vyombo. Alikuwa na watoto watatu. Alichagua sinia. Asubuhi ile jina lake liliitwa mahakamani, hakuitika mtu, na shauri likatupwa. Wiki mbili baadaye alifukuzwa kazi kwa sababu ya zile siku mbili za kwanza. Nilipokwenda kumtetea, msimamizi aliniuliza swali moja tu: "Iko wapi barua ya chama ya kumwombea ruhusa?" Sikuwa nayo. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Tangu siku ile nimefuatilia mambo haya, nikakaa katika vyumba vya mahakama nyuma kabisa, nikauliza makarani na mawakili. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, lakini nimejifunza jambo moja ambalo nataka kila mwanachama alishike: katika nchi hii sheria ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumsindikiza mwenye shida kutoka mlangoni kwake hadi mbele ya jaji. Kesi nyingi hazishindwi mahakamani. Zinafia njiani kabla hazijasikilizwa.

SHERIA INASEMA NINI

Tuanze na sheria, maana wengi wetu hatuijui. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 imeharamisha kipigo nyumbani, kumlazimisha mtu kitandani, vitisho, matusi ya kumdhalilisha, na pia ukatili wa mali. Huyu mume anayesimama langoni siku ya mshahara na kuichukua bahasha ya mkewe, sheria inamjua. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi shilingi 960,000, au vyote viwili. Sheria hiyo inasema pia kwamba mtu hawezi kujitetea kwa kusema "mwenyewe alikubali". Hakimu ana uwezo wa kutoa amri ya ulinzi ya kumkataza mkosaji asimkaribie mwenzake, na akiivunja amri hiyo ametenda kosa jingine.

Wafanyakazi wa nyumbani wasikilize hapa. Sheria hiyo hiyo inamtaja mtumishi wa nyumbani, alale kwa mwajiri au asilale. Msichana wa kazi anayepigwa au kuguswaguswa na bwana wa nyumba analindwa na sheria ile ile inayomlinda mke.

Ubakaji uko katika sheria ya jinai, na adhabu yake ya juu ni kifo. Kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 18 adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha maisha, na kama mtoto yu chini ya miaka 14, au aliyemnajisi ni mzazi au mlezi wake, inaweza kufika kifo.

Na wakimbizi je? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani na kupata msaada wa kisheria, haki ya kufanya kazi, na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo mtu asimtishe mwenzetu wa Nakivale kwamba "wewe mgeni, nyamaza". Kambi ile imekuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda wa kwanza. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Wako watu waliozaliwa humo na wamekwisha kuwa na wajukuu.

KESI INAVYOKUFA

Sasa tuifuate kesi moja hatua kwa hatua, kama vile tunavyoifuata shilingi ya mwanachama katika daftari la mweka hazina.

Hatua ya kwanza ni mwili wenyewe. Mtu aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72. Baada ya hapo hazifai. Lakini aibu ni nzito, na wengi hukaa ndani siku tatu wakilia. Wengine huoga na kufua nguo, na ushahidi ukaenda na maji machafu. Kila mmoja wetu akumbuke: asioge, asifue, nguo ziwekwe katika karatasi wala si katika mfuko wa plastiki, aende kituo cha afya mara moja. Iko fomu ya polisi namba 3A ambayo mganga huijaza baada ya kumpima. Fomu hiyo hailipiwi. Ila asianze kuhangaika na fomu huku saa zinakwenda. Matibabu kwanza.

Hatua ya pili ni polisi. Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48. Ni haki nzuri, na sisi wa vyama tunaijua thamani yake kwa maana viongozi wetu wamewahi kulala ndani. Lakini maana yake kwa aliyeumizwa ni kwamba maelezo yake na ya mashahidi lazima yaandikwe upesi. Yasipoandikwa, mtu anatolewa kwa dhamana, na jioni ile ile anapita mbele ya mlango wa aliyemshtaki.

Hatua ya tatu ni njia. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, wilaya iliyokatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Mashauri ya ukatili wa nyumbani husikilizwa na hakimu. Lakini shauri la ubakaji, au la kumnajisi mtoto mdogo sana, husikilizwa na Mahakama Kuu, na kwa watu wa upande huu maana yake ni kuja Mbarara. Kutoka Nakivale ni zaidi ya kilomita 50, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Anayeishi Juru au Rubondo hutafuta kwanza pikipiki. Kisha gari. Kisha chakula cha mchana cha kwake na cha mtoto anayenyonya. Kisha shahidi naye anataka nauli. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kulibeba hilo mara tano.

Hatua ya nne ni muda. Hakimu wa chini humsomea mshtakiwa wa ubakaji mashtaka, lakini hawezi kumwuliza kama anakubali au anakataa. Humpeleka rumande mpaka jalada liwe tayari kwenda Mahakama Kuu. Siku 180 zikipita kabla halijapelekwa, Katiba inamtaka aachiliwe kwa dhamana. Kisha hungojwa kikao cha jaji. Yule dada wakati huo wote anaishi kati ya watu, ndugu za mshtakiwa wanakuja na maneno matamu, wanakuja na vitisho. Asipokuwa na mtu wa kukaa naye, atachoka. Na wewe ungechoka.

Hatua ya tano ni lugha. Mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiingereza. Nilikaa siku moja nikimsikiliza mama mmoja akitoa ushahidi kwa Kiswahili cha Kongo. Alisema: "Alinikamata kwa nguvu." Kwa watu wa kwao maneno hayo ni njia ya heshima ya kusema alinibaka. Mkalimani akatafsiri kwamba mtu yule alimshika mkono kwa nguvu. Karani akaandika. Mama hakujua kilichoandikwa, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma sina ruhusa ya kusema. Neno moja likataka kuugeuza ubakaji kuwa ugomvi wa kushikana. Ni mwendesha mashtaka aliyeuliza swali la pili, na hapo ndipo ilipotengenezwa. Je, siku asipouliza?

Ndugu zangu, haya ndiyo matanuru matano. Kesi ikipita yote, ndipo sheria huanza kufanya kazi yake.

WAKILI WA NANI?

Kuna jambo ambalo liliniuma nilipolielewa. Mtu akishtakiwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha, Katiba inamtaka apewe wakili kwa gharama ya serikali. Sipingi. Mtu anayeweza kunyongwa asisimame peke yake, na wako watu wanaosingiziwa. Lakini yule aliyebakwa hana wakili wake. Mwendesha mashtaka ni wa serikali, ana majalada mengi mkononi, na mara nyingi humwona shahidi wake kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile ya kesi. Mahakamani yule dada anaitwa shahidi tu, ingawa kidonda ni chake.

Kwa hiyo anahitaji mtu wa kumweleza: leo utaulizwa hivi, wakili wa upande wa pili atajaribu kukukasirisha, usijibu kwa hasira, ukiwa hukuelewa sema hukuelewa, mkalimani akikosea nyosha mkono. Kazi hiyo haihitaji digrii. Sisi huwaandaa wanachama kwa njia hiyo hiyo kabla ya kwenda kwa ofisa wa kazi.

MBUZI HAFUTI JINAI

Niseme juu ya vikao, maana mimi mwenyewe nilikosea hapo. Mabaraza ya mitaa yana kazi yao, na sheria ya mwaka 2010 inayapa uwezo wa kusikiliza baadhi ya mashauri ya ukatili wa nyumbani, kuonya, kutoza fidia na kupatanisha. Lakini ubakaji na kunajisi mtoto si shauri la baraza la mtaa, wala la wazee wa kabila, wala la viongozi wa wakimbizi, wala la mchungaji au shehe. Baba anayepokea mbuzi wawili na fedha kidogo ili mtoto wake asiende mahakamani, ameuza haki ya mtoto. Na viongozi waliokaa pale wakanywa soda ni madalali wa biashara hiyo.

Wengine wananiambia mwanamke hawezi kumwacha mume mkatili kwa sababu mahari ililipwa, na ndugu zake hawana ng'ombe wa kurudisha. Hapa Ankole na kwa wenzetu wengi desturi hiyo tunaijua. Wajue basi kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa na shirika la MIFUMI, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mwanamke si mali ya rehani.

Na wanaume je? Wako. Wapo ndugu zetu waliotoka katika vita vya Kongo walikotendewa na watu wenye silaha mambo yasiyosemeka. Sheria yetu ya ubakaji inazungumza juu ya mwanamke au msichana tu, kwa hiyo kwa sheria hiyo alilotendewa mwanamume huyo haliitwi ubakaji. Huumia mgongo, hawezi kubeba gunia, nyapara humwita mvivu. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa wachache waliothubutu kuyasema haya waziwazi. Mwanachama kama huyo akija kwetu, naye asindikizwe kwa daktari na kwa mwanasheria, na siri yake itunzwe.

WALIOSHINDA WALISHINDA VIPI

Mtu atasema haya ni maneno, nani amewahi kushinda? Nitataja mawili.

Kenya, mwaka 2013, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba polisi walioshindwa kuchunguza malalamiko ya wasichana walionajisiwa walivunja haki za watoto wale. Wasichana wadogo waliwashtaki polisi wakashinda. Hawakwenda peke yao. Palikuwa na nyumba ya kuwahifadhi, palikuwa na mawakili, palikuwa na watu wazima wa kukaa nao miezi yote ile.

Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda, hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, haikuwa na neno ubakaji. Mama mmoja alipokuwa akitoa ushahidi juu ya mambo mengine alieleza binti yake mdogo alivyotendewa. Majaji wakauliza zaidi. Mashahidi wengine wakafuata, na mwaka 1997 hati ikabadilishwa. Mwaka 1998 mahakama ile ikawa ya kwanza ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wako wazee hapa Nakivale wanaokumbuka siku zile. Tujifunze kwamba mashahidi husema wanapoulizwa, na wanapokuwa na uhakika kwamba wakitoka kizimbani hawataachwa barabarani.

MSAADA ULIOPO, NA UPUNGUFU WAKE

Msaada upo. Refugee Law Project ilianza mwaka 1999 na imefanya kazi hapa Mbarara. FIDA, chama cha wanasheria wanawake wa Uganda, kipo tangu mwaka 1974. Mwaka 2013 mahakama ilianza kusafiri kwenda kuketi humo humo Nakivale, na ikaonekana kwamba mahakama ikimfuata shahidi, shahidi anapatikana.

Lakini kazi nyingi za namna hii zinakula fedha za wafadhili, na fedha za wafadhili ni kama mvua ya jirani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Mwezi wa Mei mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa karibu wakimbizi milioni 1 nchini Uganda katika mgao. Njaa ikiingia nyumbani ugomvi huongezeka, na mtu mwenye njaa haendi mahakamani. Hatuwezi kuweka haki ya mwanachama wetu juu ya mkoba wa mtu aliye mbali peke yake. Lazima kuwe na sehemu tunayoibeba wenyewe.

INATUHUSU NINI

Sasa nimjibu ndugu yangu. Inatuhusu kwa sababu mkono uliovunjwa ndio unaoosha vyombo. Inatuhusu kwa sababu mshahara tulioupigania kwa miezi minane unaporwa langoni kwa dakika moja. Inatuhusu kwa sababu dada yule alifukuzwa kazi, na kufukuzwa kazi bila haki ndiko kulikotufanya tuunde chama.

Wala si mimi niliyelibuni. Mwaka 2019, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, na Uganda iliuridhia mwaka 2023. Mkataba ule unazitaka nchi zitambue kwamba ukatili wa nyumbani unaingia mpaka kazini. Pendekezo namba 206 linaloufuata linataja likizo kwa mtu aliyeumizwa, na kumkinga asifukuzwe. Na sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na mipango ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Ni waajiri wangapi kati ya wale tunaowajua wametubandikia mpango huo ukutani?

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2016, wanawake 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Katika tawi lenye wanawake 50, hao ni 11. Wanakaa katika viti vya mkutano wetu. Walikuwapo tulipocheka.

NINALOPENDEKEZA

Kwanza, kila tawi lichague wasindikizaji wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua Kiswahili na lugha nyingine za wanachama. Kazi yao ni kwenda na mwenzetu hospitali, polisi, kwa mwanasheria na mahakamani. Wasimwamulie. Akitaka kushtaki, wamsindikize. Akitaka matibabu tu, wamsindikize. Na wakitoa siri yake nje, waondolewe siku hiyo hiyo.

Pili, katika kila mkataba na mwajiri tutie kifungu: siku ya hospitali na siku ya mahakama, kwa hati ya wito, zilipwe, wala mtu asifukuzwe kwa sababu hiyo. Wengine wanaogopa kwamba waajiri watakataa kuajiri wanawake. Kwa hiyo kifungu kiwe cha wafanyakazi wote, wanaume na wanawake, walalamikaji na mashahidi. Na mpaka kifungu kipatikane, katibu wa tawi aandike barua kila mara. Barua moja ingemwokolea yule dada kazi yake.

Tatu, mfuko wa nauli. Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama. Tawi la watu 60 litapata shilingi 60,000 kila mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini zitampeleka shahidi mahakamani na kumrudisha. Hesabu zisomwe mkutanoni, majina ya waliosaidiwa yasisomwe.

Nne, kiongozi yeyote wa chama asikae katika kikao cha kupatanisha ubakaji au kunajisi mtoto. Akikaa, uongozi wake uishie hapo. Na sisi tusihukumu. Mwanachama akishtakiwa, ana haki ya kujitetea mahakamani kama mtu mwingine. Lakini chama kisitumike kumtisha aliyemshtaki.

Nilikutana tena na yule dada baada ya miaka mingi, akiuza samaki wa ziwani sokoni Nakivale. Mkono wake haukunyooka vizuri. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za watoto, akanifungia samaki wawili na akakataa fedha zangu. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia mwaka ule. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, mimi sikutaka fedha zako siku ile. Nilitaka twende wote."

Mkutano ujao hoja hii itarudi mezani. Naomba ipigiwe kura kwa mikono iliyo wazi, na atakayeipinga asimame aseme sababu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twendeni wote.